Ufundi wa Kukausha Ndege na Wanyama, na Sababu za Watu Kuupenda

Mtu aingiapo kwa mara ya kwanza katika nyumba ya makumbusho, mara nyingi husimama ghafula mlangoni. Mbele yake yuko mnyama mkali, macho yamemkazia, mdomo u wazi nusu, mguu mmoja umeinuliwa kana kwamba ataka kuruka. Mtoto hujificha nyuma ya mama yake. Hata mzee aliyepata kuwinda katika ujana wake hutazama upande mara moja kuona njia ya kutokea, kisha hujicheka mwenyewe. Mnyama yule alikufa zamani, pengine kabla ya huyo mzee kuzaliwa. Kilichosimama pale ni ngozi yake tu, iliyovikwa juu ya umbo lililofanywa kwa mikono ya watu.

Ndipo maswali huanza. Ni nani aliyeifanya kazi hii? Alijifunza wapi? Na kwa nini mtu mwenye akili timamu, ambaye angaliweza kuwa seremala au fundi cherehani, achague kukaa siku nzima na ndege aliyekufa mezani pake? Somo letu la leo lajaribu kuyajibu maswali hayo. Twaandika kwa ajili ya wasomaji wote, wa mjini na wa mashambani, lakini mfano wetu tumeuchukua Kiplombe, kando ya mji wa Eldoret, na sababu yake msomaji ataiona mbele.

Kwanza tuseme juu ya jina. Wako watu waiitao kazi hii kujaza wanyama, na wengine huiita kukausha wanyama. Majina yote mawili yasema nusu ya kweli. Ngozi hukaushwa, ndiyo, lakini ngozi iliyokaushwa tu hukunjamana kama jani la tumbaku. Zamani ilijazwa majani makavu, lakini fundi wa siku hizi hajazi kitu kama ajazavyo gunia la mahindi. Yeye hutengeneza kwanza umbo la mwili, lenye misuli yake, mbavu zake na mkao wake, kisha huivika ngozi juu yake kama mtu avikavyo kanzu. Sisi tutasema kukausha, kwa kuwa ndilo neno lililozoeleka, na fundi tutamwita mkausha wanyama.

Msomaji asidhani kwamba maarifa ya ngozi ni mageni kwetu. Wazee wetu walijua ngozi ipi ichunwe kwa kupasuliwa tumboni na ipi ivuliwe nzima, ipi ifae kwa vazi na ipi kwa ngao. Katika nchi ya Wanandi ngozi za mbuzi na za kondoo zilikwanguliwa mafuta, zikalainishwa kwa mikono mpaka zikawa nyororo, na vijana wa vita walivaa manyoya ya simba vichwani. Huko pwani, na kila mahali palipo ngoma, yuko mtu ajuaye kuwamba. Naye huyo ajua jambo ambalo mkausha wanyama hulijifunza kwa kuharibu ngozi mbili tatu: ngozi ivute i maji. Ikisha kukauka, imekwisha kuamua umbo lake, wala haitasikia tena.

Lakini kuifanya ngozi irudi kuwa mnyama, mwenye sura yake na tabia yake, hilo lilikuwa jambo jipya, nalo lilifika katika nyanda za Uasin Gishu mapema kuliko watu wengi wadhanivyo.

Mwaka 1909 Bwana Theodore Roosevelt, aliyekuwa amemaliza tu kazi ya urais wa Marekani, alikuja Afrika ya Mashariki na msafara mkubwa uliotumwa na makumbusho ya Smithsonian ya mjini Washington. Pamoja naye walikuwa wataalamu wa viumbe na wachunaji ngozi. Mizigo waliyoichukua wapagazi ilikuwa ya namna nyingi, lakini uliokuwa wa ajabu kupita yote ulikuwa chumvi: tani nne za chumvi, kwa ajili ya ngozi tu. Maana katika nchi ya joto ngozi mbichi huanza kuoza kwa muda wa saa chache, na nywele hung'oka kwa vidole. Chumvi hunywa maji yaliyo ndani ya ngozi na kuizuia isioze. Msafara ule ulirudi na viumbe zaidi ya 11,000, wakubwa kwa wadogo, tangu tembo na vifaru hata panya na ndege.

Mwezi wa Novemba mwaka huo Roosevelt alipanda mpaka Uasin Gishu. Si mbali na Eldoret ya leo, upande wa barabara iendayo Iten, liko jabali la Sergoit. Huko ndiko alikotazama wapiganaji wa Kinandi wakimzingira simba kwa mikuki na ngao, wala hawakuwa na bunduki. Na katika nyanda hizo hizo alikutana na Mmarekani mwingine, Carl Akeley, ambaye alikuwa akitafuta tembo kwa ajili ya makumbusho ya New York. Huyu Akeley yafaa tumweleze kwa urefu kidogo, maana katika historia ya ufundi huu hakuna jina lililo kubwa kuliko lake.

Alizaliwa mwaka 1864 katika jimbo la New York, mtoto wa shamba. Alipokuwa na umri wa miaka 13 aliazima kitabu kilichoeleza namna ya kukausha ndege, akakisoma mpaka akakijua. Tena akajifunza kupaka rangi, kwa kuwa aliona kwamba ndege aliyewekwa peke yake juu ya kijiti hana maana; yafaa mtu aone nyuma yake miti na majani ya mahali alipoishi. Alipokuwa kijana aliajiriwa katika karakana moja ya kukausha wanyama. Huko aliona desturi iliyomchukiza. Ngozi ya mnyama mkubwa ilitundikwa miguu juu, ikashindiliwa majani makavu mpaka isipokee tena, kisha ikashonwa na kusimamishwa. Punda milia aliyefanywa hivyo alifanana zaidi na mto wa kulalia.

Akeley akatafuta njia nyingine. Alipima mnyama kabla hajachunwa, akapiga picha, akachukua sura ya misuli kwa plasta. Kisha alisimamisha mifupa, akafinyanga juu yake mwili wa udongo, misuli kwa misuli, kama mfinyanzi wa sanamu. Juu ya udongo ule alimimina plasta apate kalibu, na ndani ya kalibu akafanya umbo jepesi lenye uwazi ndani, la waya wa wavu na karatasi zilizopondwa na gundi. Udongo ukatolewa, likabaki umbo ambalo watu wachache waliweza kuliinua, nalo ngozi ilikaa juu yake sawasawa. Tembo wawili wapiganao wasimamao katika makumbusho ya Field mjini Chicago ni kazi yake, nao alikwenda kuwatafuta katika safari yake ya mwaka 1905 na 1906, katika nchi ambayo leo ni Kenya. Tena alifanya sanamu za shaba za wapiganaji wa Kinandi wakimkabili simba. Kwa hiyo mtoto wa Uasin Gishu akienda Chicago leo aweza kuwakuta huko watu wa kwao, wamesimama na mikuki yao.

Hapa tuongeze neno moja. Juu ya vioo vya makumbusho limeandikwa jina la Akeley. Majina ya watu waliochuna, waliokwangua, waliotia chumvi na kubeba ngozi zile mvua ikinyesha hayakuandikwa. Mmoja tu tunamjua vema kidogo, kijana wa Kikuyu ambaye Akeley alimwita Bill, aliyeanza kufuatana naye tangu safari ile ya kwanza akiwa mtoto mdogo. Akeley alimwandikia sura nzima katika kitabu chake. Wengine wote wamesahauliwa, na sisi twaona kwamba haikuwa haki.

Na kabla ya Akeley alikuwako mwalimu mwingine ambaye wasomaji wetu wastahili kumjua. John Edmonstone alizaliwa utumwani huko Guyana, Amerika ya Kusini, akajifunza kukausha ndege kutoka kwa Mwingereza aitwaye Charles Waterton. Alipokwisha kupata uhuru wake alikwenda Scotland, akaishi katika mji wa Edinburgh kwa kazi hiyo ya mikono. Mwaka 1826 kijana mmoja mwanafunzi wa udaktari alimwendea, akamlipa ada amfundishe, akawa akikaa naye siku baada ya siku kwa muda wa miezi miwili. Kijana huyo alikuwa Charles Darwin, ambaye baadaye aliizunguka dunia na kukusanya ndege wa visiwa vya Galápagos, wakawa miongoni mwa vitu vilivyobadili elimu ya viumbe vyote. Darwin alipokuwa mzee aliandika juu ya mwalimu wake yule kwamba alikuwa mtu wa kupendeza na mwenye akili. Basi hata elimu ile kubwa ilipitia mikononi mwa Mwafrika aliyeketi na kisu kidogo na pamba.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Kwa nini watu huipenda?

Wengi huanza utotoni, na huanza kwa huzuni. Ndege aliyefugwa amekufa, na mtoto hakubali kwamba manyoya mazuri vile yazikwe na kuliwa na mchwa. Husimuliwa kwamba Akeley mwenyewe, mtoto bado, alimkausha ndege mdogo wa jirani yake ili kumfariji mwenye ndege. Twaelewa jambo hilo. Kila mtu amepata kuokota kando ya njia ndege aliyekufa, akamgeuza mkononi, akaona rangi chini ya bawa ambazo hakupata kuziona ndege yule alipokuwa akiruka. Wengi humtupa wakaenda zao. Mkausha wanyama ni yule ambaye hakuweza kumtupa.

Tena iko furaha ya kujua. Hakuna amjuaye mnyama kama mtu aliyevua ngozi yake na kujaribu kuirudisha. Waweza kuwafuga kuku miaka 20 usijue kwamba goti la kuku limefichwa ndani ya manyoya karibu na tumbo, na kile ambacho watu hukiita goti lake, kipindacho kwa nyuma, ni kifundo cha mguu. Mtu akilikosea hilo, kuku wake atasimama kama meza, na kila apitaye atacheka bila kujua sababu ya kicheko chake. Fundi hujifunza kwamba sikio la paa halikai wima wakati wote, kwamba jicho la kila mnyama lina pembe yake, kwamba shingo ya ndege ni ndefu kuliko ionekanavyo. Baada ya hapo akitembea shambani huona mambo ambayo mwenzake haoni.

Furaha nyingine ni ya subira. Kazi hii haikubali haraka hata kidogo. Mtu aliyeshinda kutwa katika kelele za magari na biashara huketi jioni na uzi na sindano, akapanga unyoya mmoja baada ya mmoja, na saa tatu zapita asijue. Wako wafanyao kazi hii kwa mapato, wako waifanyao kwa elimu, lakini ukiwauliza wote ni saa ipi waipendayo, wengi watakutajia ile ya kutia macho. Mpaka hapo ni ngozi tu juu ya umbo. Jicho la kioo likisha kuingia, na ukope ukavutwa kidogo juu yake kwa ncha ya sindano, kitu kile humtazama fundi. Ni furaha yenye hofu kidogo ndani yake, na mtu asiyeionja hawezi kuelezwa zaidi.

Lakini yako mambo yapitayo furaha ya mtu mmoja. Katika mwaka 1898 simba wawili wa Tsavo waliwaua wajenzi wa reli, mpaka Kanali Patterson akawapiga risasi mwezi wa Desemba. Ngozi zao zilitandikwa sakafuni nyumbani kwake kwa muda wa miaka 25 hivi, zikikanyagwa na viatu, hata alipoziuza kwa makumbusho ya Chicago mwaka 1924 kwa dola 5,000. Zilikuwa zimekatwa kando na kuchakaa, na ndiyo sababu simba wale wakionekana leo ni wadogo kuliko walivyokuwa hai. Lakini walihifadhiwa, na mafuvu yao pamoja nao. Mwaka 2024 wataalamu walitangaza kwamba wamechunguza vipande vya nywele vilivyokwama katika meno yao yaliyovunjika, wakatambua humo walichokula: twiga, punda milia, nyumbu, choroa, kuro, na mwanadamu. Miaka 126 ilikuwa imepita. Nani mwaka 1924 angalidhani kwamba uchafu wa meno wastahili kutunzwa?

Huko Unguja nako iko ngozi moja ya chui aliyekaushwa, iliyowekwa katika makumbusho, rangi yake imepauka kwa miaka mingi. Chui wa Unguja alikuwa mdogo kuliko wa bara, na madoa yake yalikuwa ya namna yake. Wataalamu wengi waamini kwamba amekwisha kutoweka kisiwani. Ikiwa ndivyo, basi mtoto wa Unguja atakaye kujua babu zake walikuwa wakiogopa nini usiku, hana pengine pa kutazama ila pale.

Na hii ndiyo sababu tuliyoiahidi ya kuitaja Kiplombe. Nyanda zile ambazo leo ni mashamba ya mahindi na malisho ya ng'ombe wa maziwa, na ambazo mji wa Eldoret, uliopewa hadhi ya jiji mwezi wa Agosti 2024, waendelea kuzijenga, zilikuwa nchi ya kongoni, simba na twiga. Upande wa Soy twiga walibaki katika shamba moja kubwa hata miaka ya 1970, ndipo baadhi yao wakahamishwa. Korongo mwenye taji, ambaye wakulima wamemzoea katika mabwawa na mashamba yaliyovunwa, aliingizwa mwaka 2012 katika hesabu ya ndege walio hatarini duniani. Mtoto wa Kiplombe amjua ng'ombe, punda na mbwa. Wengine huwasoma kitabuni, na picha ya kitabu haimwonyeshi kwamba twiga akisimama mlangoni mwa darasa kichwa chake kingepita paa.

Tumfikirie sasa kijana wa hapo Kiplombe atakaye kujaribu. Aanze na nini? Na aanze na kuku wa nyumbani, tetea mwenye upanga mdogo kichwani, aliyechinjwa au aliyekufa kwa ajali. Jogoo na amwache kwanza, kwa kuwa upanga wake mkubwa na ndefu zake hunyauka na kuwa nyeusi, nao hutaka kuigwa na kupakwa rangi kwa ustadi.

Kabla hajagusa kisu, na amlaze kuku juu ya karatasi na kuchora umbo lake kwa kalamu, kisha apime unene wa kifua na urefu wa shingo, na kuandika rangi ya macho, maana rangi ya jicho hufifia upesi baada ya kufa. Amtie pamba mdomoni damu isichafue manyoya. Kisha ayatenge manyoya ya kifuani kwa maji kidogo, na apasue ngozi peke yake, tangu kifuani mpaka karibu na mkia, bila kutoboa tumbo. Kila penye unyevu anyunyize unga wa mahindi, nao hunywa maji na mafuta na kuyaokoa manyoya. Ni jambo la kufurahisha kwamba mafundi wa nchi za mbali hutumia unga ule ule tuulao. Magoti husukumwa nje na kukatwa kiungoni, mkia hukatwa kwa ndani, halafu ngozi huvuliwa polepole ikigeuzwa ndani nje kama soksi, kupita mabawa na shingo, mpaka kichwani. Fuvu hubaki ndani ya ngozi, lakini ubongo, macho na ulimi hutolewa.

Hapo wanafunzi wengi huchoka, na kwa kuchoka huacha mafuta. Wasiache. Mafuta yaliyobaki huyeyuka baadaye, yakachafua manyoya na kuoza. Ngozi yakwanguliwa mpaka iwe safi, yaoshwa kwa sabuni, yakaushwa kwa unga na kupepewa manyoya yafumke tena, ndipo yapakwa boraksi ndani. Ngozi za wanyama wenye nywele hutiwa chumvi na shabu. Mwili wa bandia hufanywa kwa majani makavu laini yaliyozungushiwa uzi kwa nguvu, ukilinganishwa na ule mchoro wa kwanza. Waya hupitishwa katika miguu, shingoni na mabawani. Ngozi hugeuzwa na kuvikwa, ikashonwa, macho yakatiwa, manyoya yakapangwa na kufungwa kwa uzi mwembamba, na kuku akaachwa mahali pakavu muda wa majuma mawili au matatu. Kuku wa kwanza hatafanana na kuku. Wa tatu atafanana kidogo.

Asisahau kibandiko. Tarehe, mahali, dume au jike, na jina la aliyemtengeneza. Kwa wataalamu ngozi isiyo na maandishi hayo ni manyoya tu, hata ikiwa imetengenezwa kwa uzuri namna gani.

Yako mambo matatu ya hatari, nasi hatuwezi kuyapita. Kuku aliyekufa kwa kideri au ugonjwa mwingine asiguswe, bali achomwe au afukiwe. Na ng'ombe, mbuzi au kondoo aliyekufa ghafula, hasa akitokwa damu puani au kinyesini, asipasuliwe kamwe, maana yaweza kuwa kimeta, nacho huua watu. Aitwe daktari wa mifugo. Kadhalika mbwa au paka aliyekufa kwa kichaa. Hata kwa mnyama mzima, mtu avae mifuko ya mikono na anawe kwa sabuni. La pili, mafundi wa zamani walipaka ngozi kwa sabuni yenye aseniki, sumu kali, ili wadudu wasile. Basi ukimpata ndege au kichwa cha mnyama cha miaka mingi katika nyumba ya zamani, usimpe mtoto achezee.

La tatu ni sheria. Serikali ya Kenya ilikataza uwindaji mwezi wa Mei 1977, na mwaka uliofuata biashara ya ngozi na nyara ikapigwa marufuku. Karakana zilizokuwa zikiwatengenezea wawindaji wa kigeni vichwa vya nyati na simba zikafungwa. Mtaa wa Zimmerman, kando ya barabara ya Thika mjini Nairobi, wachukua mpaka leo jina la mkausha wanyama mmoja mashuhuri wa siku zile. Siku hizi Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 yakataza mtu kuwa na ngozi, pembe, jino au manyoya ya mnyama wa mwitu bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Haifai kitu kusema kwamba ulimkuta amekwisha kufa. Korongo aliyegongwa na waya wa umeme, bundi aliyepigwa na gari, wote ni wa taifa, na aliyewaona yampasa kutoa habari kwa KWS. Adhabu ni faini kubwa na kifungo cha miaka mingi. Kijana wetu abaki na kuku, bata, sungura wa kufugwa na mbuzi wa nyumbani. Hao wanatosha kumfundisha miaka kumi.

Wako watakaouliza kama si ukatili, au kama si mwiko, kukaa na mfu nyumbani. Wa kwanza tunawajibu kwa habari za Akeley tena. Mwaka 1921 alikwenda Kongo kuwapiga risasi sokwe wakubwa wa milimani kwa ajili ya makumbusho. Alipoutazama uso wa mmoja aliyekufa alijiona kama mwuaji. Akarudi kwao, akawasihi wakubwa na mfalme wa Ubelgiji mpaka ikafanywa hifadhi mwaka 1925, ndiyo Virunga ya leo. Mwaka 1926 alirudi huko, akaugua, akafa, akazikwa katika mteremko wa mlima Mikeno, karibu na sokwe wale. Mtu aliyewajua wanyama kwa kuwachuna ndiye aliyewatafutia ulinzi. Wa pili hatubishani nao. Kila nyumba ina desturi zake, na kijana akikatazwa na wazazi wake kuingiza ndege nyumbani, na ajenge kibanda nje.

Aliye Kiplombe na atakaye kuona kazi iliyokamilika si lazima aende Nairobi. Kitale ni mwendo wa saa moja na zaidi kidogo kwa matatu. Huko Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyependa kukusanya wadudu, ndege na vitabu, alianzisha makumbusho yake mwenyewe mwaka 1926. Alipokufa mwaka 1966 aliviacha vitu vyake kwa ajili ya watu wote, na mwaka 1974 nyumba mpya ikafunguliwa kuwa makumbusho ya taifa ya magharibi ya Kenya. Nairobi nako, uani pa makumbusho, amesimama tembo Ahmed wa Marsabit, ambaye Rais Kenyatta aliamuru alindwe, naye akafa mwaka 1974. Wageni wengi hupapasa mguu wake wakidhani ni ngozi. Ni sanamu tupu ya fiberglasi, na mifupa yake imehifadhiwa ndani.

Walimu wapelekao wanafunzi wawaambie mambo ya kutazama. Miguu: je, uzito wa mnyama umeikalia, au anaelea? Masikio yana wembamba wa sikio kweli, au ni mazito kama ngozi ya kiatu? Macho yote mawili yatazama mahali pamoja? Na mtumishi wa makumbusho akiwa na nafasi, mwulizeni mshono uko wapi. Katika kazi ya fundi hodari mtautafuta muda mrefu.